Mfinyanzi na muhuri wake: kuchapa kwa mkono kwenye karatasi na nguo

Katika kazi yetu ya amani hapa Lubumbashi tumeendesha semina nyingi. Watu hukaa kwenye viti, husikiliza, hula chakula cha mchana, kisha hurudi nyumbani. Wengi hutuambia maneno mazuri ambayo wanajua tunapenda kuyasikia. Lakini tumeona kwamba watu wakifanya kazi ya mikono pamoja, baada ya saa moja au mbili huanza kusema yale yaliyo moyoni.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 tulianza somo la kuchapa kwa mkono na kikundi cha akina mama 12 katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa mji. Wengine ni wafinyanzi wa vyungu, wengine ni washonaji. Karibu nusu yao familia zao zimetoka Kasai, na wengine ni wa makabila ya Katanga. Katika makala hii tunaeleza namna ya kutengeneza mihuri ya udongo na kuitumia. Tunaeleza pia kosa tulilofanya sisi wenyewe, ambalo karibu livunje kikundi.

Mfinyanzi anajua tayari

Siku ya kwanza mama mmoja mfinyanzi alitwambia: «Mimi sijasoma. Mambo ya kuchapa ni ya watu wa ofisi.» Tulimwomba atuonyeshe anavyopamba chungu. Alichukua kamba iliyosokotwa, akaibingirisha shingoni mwa chungu kibichi, na alama ikabaki imejirudia pande zote. Tukamwambia: «Mama, huko ndiko kuchapa.»

Ni kweli. Kukandamiza alama ile ile mara nyingi ni kazi ambayo wafinyanzi wa Afrika wameifanya kwa karne nyingi. Huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wachimbuzi walianza mwaka 1957 kufukua makaburi ya kale. Waliyakuta yamejaa vyungu vizuri, vingine vya zaidi ya miaka 800 iliyopita. Baadhi ya vitu vya kale vya aina hiyo vinahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Kama kikundi chenu kiko karibu, anzeni somo kwa kuyatembelea.

Upande wa Kasai kuna ufundi mwingine mkubwa. Wabakuba hutengeneza nguo za nyuzi za mkindu wa rafia. Wanaume hufuma kitambaa, na wanawake hukidarizi kwa pembe na mistari inayokatizana. Tulipoweka picha ya nguo ya Kikuba kando ya chungu kilichochorwa, akina mama wenyewe walianza kuhesabu mistari inayofanana.

Nchi nyingine nazo zina mifano. Katika mji wa Ntonso, Ghana, mafundi huchapa nguo za adinkra kwa mihuri iliyochongwa kwenye kibuyu, na wino wao hutoka kwenye magome ya mti yaliyochemshwa. Huko Mali hupaka nguo kwa tope lenye chuma. Nchini Marekani mfinyanzi Mitch Lyons alitumia miaka mingi kuhamisha rangi za udongo kutoka kwenye bamba la udongo mbichi hadi kwenye kitambaa. Kwa hiyo mfinyanzi anayejaribu karatasi na nguo haachi kazi yake. Anaipanua.

Kutengeneza mihuri ya udongo

1. Chekecha udongo na uondoe mawe na mizizi. Saga vigae vya vyungu vilivyovunjika. Changanya sehemu moja ya unga wa vigae na sehemu nne au tano za udongo. Vigae hupunguza nyufa.

2. Finyanga umbo la uyoga: uso bapa upande mmoja, mshikio upande wa pili. Upana wa uso uwe kati ya sentimita 5 na 8. Muhuri mkubwa zaidi hupinda kwa urahisi. Toboa tundu katika mshikio ili ndani pakauke vizuri. Kumbuka kwamba udongo hupungua karibu sehemu moja ya kumi ukikaushwa na kuchomwa.

3. Acha kwa siku moja mpaka udongo ukaze kama ngozi, lakini usikauke kabisa. Chonga kwa kisu kidogo, kwa waya wa baiskeli au kwa mfupa wa kuku. Chimba milimita 3 au 4. Sehemu inayobaki juu ndiyo itakayochapa. Sehemu iliyochimbwa itabaki nyeupe.

4. Herufi na namba zichongwe kinyume, kama unavyoziona kwenye kioo. Kila kikundi husahau jambo hili mara moja. Sisi pia tulisahau.

5. Kausha kivulini kwa wiki moja au zaidi, uso ukiwa umelala juu ya ubao ulionyooka. Kisha choma pamoja na vyungu. Muhuri wenye unyevu hupasuka motoni.

6. Baada ya kuchoma, sugua uso kwenye sakafu ya saruji yenye mchanga laini na maji, mpaka ulingane. Bila hatua hii nusu ya alama haitatokea.

Kwa pindo la nguo, tengeneza rola: bomba dogo la udongo lenye tundu katikati, lililochongwa pande zote. Likishachomwa, pitisha kijiti kwenye tundu na ulibingirishe. Wafinyanzi wetu walilipenda zaidi ya mihuri, maana mkono wao ulikuwa umelizoea.

Kuchapa kwenye karatasi

Anza na karatasi. Ni rahisi, na kosa halina hasara kubwa. Sisi tulitumia karatasi za ofisi zilizoandikwa upande mmoja.

Wino unaweza kutengenezwa nyumbani. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe nane au kumi vya maji, mpaka ung'ae. Ukipoa, changanya na masizi yaliyochekechwa au unga laini sana wa makala. Kwa rangi nyekundu au nyeupe tumia udongo wa rangi hiyo, uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Wino huu huoza, basi tengeneza wa kutosha siku mbili tu.

Udongo uliochomwa hunywa maji. Kwa hiyo chovya muhuri kwenye maji safi kwanza, uupanguse, ndipo uupake wino. Usiuzamishe kwenye wino. Weka kipande cha sponji ya godoro katika sahani, kiloweshe wino, na ubonyeze muhuri juu yake. Lowesha karatasi kidogo kwa kitambaa chenye maji, uitandike juu ya gazeti lililokunjwa, kisha kandamiza muhuri kwa uzito wa bega na uhesabu mpaka tatu.

Njia nyingine ni kuchapa kutoka kwenye bamba. Tandaza udongo mbichi uwe bapa kama chapati kubwa. Upake uji wa udongo wa rangi, uchore juu yake kwa kijiti, ulaze karatasi yenye unyevu, na usugue mgongoni mwa karatasi kwa kijiko. Ukiibandua utapata picha moja tu, na ya pili haitafanana nayo. Muhuri hurudia, bamba halirudii. Waache washiriki wajaribu njia zote mbili, kisha uwaulize ni ipi inayofaa kwa kusimulia jambo lililowapata.

Kuchapa kwenye nguo

Tumia pamba. Nailoni haishiki. Nguo mpya ina wanga wa kiwandani, kwa hiyo ifue kwa maji ya moto na sabuni, uianike na uipige pasi. Muhuri wa udongo ni mgumu, nao unataka kitanda laini: tandika blanketi lililokunjwa juu ya meza, kisha nguo juu yake. Bila blanketi muhuri utagusa pembe tu.

Kuna njia mbili za rangi.

• Wino wa nguo wa dukani. Una bei, lakini haufifii haraka. Ukikauka, piga pasi ya makala upande wa nyuma kwa dakika tano hivi ili moto uushikishe.

• Majani na chuma. Chemsha majani ya mpera au ya mwembe kwa saa moja, chuja, na loweka nguo usiku mzima. Ianike bila kuisuuza. Pembeni, weka misumari yenye kutu katika maji yaliyotiwa siki au maji ya ndimu kwa wiki mbili. Chuja maji hayo na uyatie uji wa muhogo ili yawe mazito. Ukichapa nayo, alama hugeuka kijivu na nyeusi, kwa sababu chuma hukutana na tanini ya majani. Acha ikauke, kisha suuza kwa maji mengi. Usizidishe chuma, maana huila nguo polepole.

Tuseme ukweli: udongo wa rangi uliochanganywa na uji wa muhogo peke yake hutoka ukifuliwa. Unafaa kwa kadi na picha za ukutani, si kwa kikwembe cha kuvaa. Usimwuzie mtu nguo ambayo hujaifua wewe mwenyewe mara tatu.

Tahadhari kuhusu udongo wa Lubumbashi

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kiwanda cha kuyeyusha kilianza mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, ukaacha shaba, kobalti, risasi, kadimi na aseniki kwenye udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na watafiti wa Ubelgiji ulikuta kobalti nyingi sana katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Basi:

• Usichimbe udongo karibu na kiwanda, karibu na mlima wa mabaki ya madini, au kwenye mito inayopitisha maji ya viwanda.

• Usisage mawe ya kijani ya malakiti ili kupata rangi, hata kama yanapendeza. Vumbi lake lina shaba, na linaweza kuwa na madini mengine yenye sumu.

• Saga na chekecha rangi zote zikiwa zimelowa, na watoto wasiwe karibu.

• Vyombo vya wino na vya chuma visirudi jikoni.

Siku ya msalaba

Sasa tunafika kwenye kosa letu. Baada ya wiki sita akina mama walikuwa wanajua kazi. Tuliwapa kitambaa kirefu cha pamoja, tukawaambia: «Kila mmoja achonge alama ya kwao, tuzichape zote hapa.» Tuliona ni wazo zuri. Hatukuuliza alama hizo zingesema nini kwa wengine.

Mama mmoja mzee, mfinyanzi hodari, alichonga msalaba mdogo wa shaba. Misalaba hiyo ilitengenezwa na wayeyushaji wa Katanga karne nyingi kabla ya Wazungu, na ilitumika kama fedha. Bibi yake alimwambia kwamba ilitolewa hata katika mahari. Aliuchapa mara nne katikati ya kitambaa, akifurahi.

Mama mwingine, mshonaji, aliweka chini muhuri wake. Alisema: «Yaya, hiyo alama siwezi kulala kando yake.» Akatoka. Wengine watatu wakamfuata.

Ili wasomaji wa nchi nyingine waelewe, tueleze kidogo. Kampuni ya madini na ya reli zilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai, hasa baada ya reli kufika Ilebo mwaka 1928. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa. Julai 1960 Katanga ilijitenga na Kongo mpaka Januari 1963, na bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba. Mwaka 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walilala katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa, hasa watoto. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga waliingia Lubumbashi na bendera ile ile, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Miaka ya karibuni watu wengi wamefika tena kutoka Kasai kutafuta maisha, na maneno makali yamerudi masokoni.

Yule mshonaji alikuwa na miaka tisa mwaka 1993. Alilala katika kituo cha Likasi. Mdogo wake alifia pale.

Usiku ule simu zilipigwa nyumba kwa nyumba. Mabwana wawili waliingilia kati. Mmoja alisema kikundi ni cha «wenyeji» na wageni waondoke. Asubuhi tulikimbia kwa mama mzee, tukamwomba avunje muhuri ili mambo yaishe. Alitutazama, akasema: «Wanangu, mnataka nivunje alama ya bibi yangu kwa ajili ya kitu ambacho yeye hakufanya?» Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemjeruhi mtu wa pili ili kumponya wa kwanza.

Wahenga wanasema, udongo uwahi ungali maji. Hatukungoja mwezi. Wiki ile tulimtembelea kila mama nyumbani kwake, tukasikiliza tu. Baada ya wiki mbili walikubali kukaa pamoja, wao wenyewe, bila mabwana. Kila mtu alipewa donge la udongo la kushika mikononi. Mama mzee alisimulia habari za bibi yake na shaba. Mshonaji alisimulia habari za kituo. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema mbele ya mtu wa Katanga. Mama mzee alilia, akasema mwaka ule aliwaona majirani wakibeba magodoro kwenda kituoni, naye alifunga mlango.

Hawakupiga kura. Walikubaliana kwamba msalaba hautachapwa kwenye nguo ya pamoja wala ya kuuza. Utachapwa kwenye karatasi, na chini yake zitaandikwa hadithi zote mbili. Yule mshonaji naye alichonga alama mpya: mistari miwili mirefu yenye vijiti vifupi katikati, yaani reli. Mama mzee aliomba ruhusa ya kuichapa kwenye kikwembe chake mwenyewe, na akaruhusiwa.

Tusidanganyane. Mmoja wa wale wanne waliotoka hajarudi hadi leo. Na mshonaji hajawahi kuugusa muhuri wa msalaba. Hatumwombi augundue uzuri wake.

Utaratibu tunaoutumia sasa

• Kabla ya kuchonga, kila mtu achore alama yake kwenye karatasi na aeleze imetoka wapi. Wengine waulizwe: «Wewe ukiiona, unakumbuka nini?»

• Mtu yeyote anaweza kusema hapana kwa alama kwenye nguo ya pamoja, bila kulazimishwa kutoa sababu siku ile.

• Muhuri ni mali ya aliyeuchonga. Mwingine akitaka kuutumia, aombe.

• Fedha za mauzo ziandikwe kwenye daftari mbele ya watu wote. Mtunza fedha na mwenye ufunguo wa sanduku watoke pande mbili tofauti. Ugomvi wa fedha hugeuka haraka kuwa ugomvi wa kabila.

• Alama za vyama na za wanasiasa zisichongwe kabisa.

Karatasi na nguo zinaweza kubeba amani, na zinaweza kubeba chuki vilevile. Huko Rwanda gazeti la Kangura lilieneza sumu kuanzia mwaka 1990, na mwaka 2003 mhariri wake alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha. Mkono unaochapa unapaswa kujua unachokirudia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wenu kuna alama, rangi au wimbo gani ambao wengine huupenda na wengine huuogopa? Mnajua kwa nini?

2. Mama mzee alifunga mlango mwaka 1993. Je, sisi tumewahi kufunga mlango? Tungeweza kufanya nini, na tungehatarisha nini?

3. Waelekezaji walitaka muhuri uvunjwe haraka. Ni nani aliyefaidika na haraka hiyo?

4. Ni ufundi gani wa mikono ambao watu wa pande zote katika eneo lenu wanaujua tayari? Mnaweza kuanzia hapo?

5. Je, ni sawa kwamba mshonaji hajaugusa muhuri wa msalaba? Amani inadai nini kwake, na haidai nini?